Nani Anakula Muda wa Mashine? Somo la Kuchungulia Ndani ya Amiga 500

Leo nina somo ambalo nimekuwa nikiliahidi tangu nirudi kutoka Ujerumani, na kila mara naliahirisha kwa sababu linaanza na aibu yangu mwenyewe. Basi acha tuanze na hiyo aibu, tuimalize, halafu tusome.

Nilikaa Ujerumani mwaka mmoja kama kijana wa kujitolea, nikiishi na familia iliyonipokea. Nyumbani hapo alikuwepo babu, mzee wa miaka sabini na kitu, aliyefiwa na mkewe. Chini ya nyumba, kwenye chumba cha kuhifadhia vitu, alikuwa na kompyuta ya zamani aina ya Amiga 500. Mkewe ndiye aliyeitumia zaidi. Barua zote za ukoo aliandikia humo. Diski zake zilikuwa bado kwenye boksi la plastiki, kila moja ina karatasi iliyoandikwa kwa mkono wake. Mzee alitaka kitu kimoja tu: asome tena barua ambayo mkewe alimwandikia binti yao mwaka alioondoka nyumbani kwenda kuanza maisha. Nakala ya karatasi ilipotea walipohama.

Nikaitwa mimi. Si unajua, ukiwa kijana tu watu wanaamini kompyuta zote unazijua, hata zile zilizozaliwa kabla yako.

Tukaiwasha, ikawaka. Mzee akafungua programu ya kuandikia, akaipata barua, na kwa mazoea ya miaka ile akaiagiza ihifadhi kabla hata hajasoma. Mashine ikawa nzito ajabu. Unabonyeza herufi, inachelewa kutokea. Unafungua menyu, inasuasua. Lakini mshale wa mausi ulikuwa unatembea laini kabisa, kama hakuna tatizo. Nikasema moyoni, hii imeganda. Nikafanya kile ambacho nimezoea kufanya kwa kompyuta zetu hizi: nikaizima na kuiwasha upya. Kwenye Amiga unabonyeza Ctrl pamoja na vitufe viwili vyenye herufi A, kimoja kila upande. Sikuangalia taa ya diski. Taa ilikuwa inawaka.

Mashine ilipoamka tukaiingiza diski tena, ikatoa ujumbe kwamba diski imeshindwa kuthibitishwa. Yaani nilikata umeme wa kazi katikati ya kuandika, na orodha ya sehemu zilizojaa na zilizo wazi kwenye diski ikabaki haieleweki. Mzee hakunigombeza. Hilo ndilo lililonikaba zaidi.

Bahati yetu ni kwamba diski ya Amiga ikiwa katika hali hiyo mara nyingi bado inasomeka. Inakataa kuandikwa tu. Tena ipo programu iitwayo DiskSalv, iliyotengenezwa na Dave Haynie, mmoja wa wahandisi wa Commodore, ambayo inachambua diski mbovu na kunakili mafaili yanayopona kwenda diski nyingine. Tuliipata, na barua ikapona. Lakini usiku ule sikulala vizuri. Swali lililonisumbua ni hili: mashine ilikuwa inajua inachofanya, je, ningewezaje kuiuliza kabla ya kuigusa?

Jibu lake ndilo somo letu.

Mashine ndogo yenye mambo mengi

Ili uelewe, lazima ujue Amiga ilikuwa kitu gani. Amiga ya kwanza ilizinduliwa New York mwaka 1985. Hii ya 500, iliyokuwa ya bei nafuu na ya nyumbani, ilitoka mwaka 1987. Ni kibodi nene tu, kompyuta yote imo ndani, na mdomo wa diski uko ubavuni. Prosesa yake ni Motorola 68000, inayokwenda kwa kasi ya takriban megahazi 7. Kumbukumbu yake ya kuanzia ni kilobaiti 512. Diski moja inabeba kilobaiti 880. Picha moja uliyopiga leo kwa simu yako haiingii humo.

Pamoja na udogo huo, iliweza kuendesha programu nyingi kwa wakati mmoja. Miaka ile mtu mwenye kompyuta ya IBM na DOS alifanya jambo moja, akalifunga, ndipo akafungua lingine. Amiga ilikuwa na kiini cha mfumo kiitwacho Exec, kazi ya Carl Sassenrath, ambacho kinagawa muda wa prosesa kati ya programu bila kuziomba ruhusa. Muda wako ukiisha, unakaa pembeni, mwenzako anaingia.

Exec inaziweka kazi zote katika makundi ambayo hata mtoto anaelewa. Ipo moja inayoendeshwa sasa hivi. Zipo zilizo tayari, yaani zinataka muda lakini zamu yao haijafika. Na zipo zinazosubiri: hazitaki muda wowote mpaka jambo fulani litokee, mfano mtu abonyeze kitufe au diski imalize kusoma. Kila kazi ina namba ya kipaumbele, kuanzia -128 hadi 127, na programu za kawaida zina 0. Mwenye namba kubwa akiwa tayari, wenye namba ndogo hawapati kitu. Wenye namba sawa wanapokezana.

Sasa angalia uzuri wake. Kwenye Amiga iliyotulia, karibu kila kazi inasubiri. Kusubiri ndiyo adabu ya mashine ile. Programu iliyoandikwa vizuri inamwambia Exec, "niamshe mtu akibonyeza," kisha inalala kabisa, haili hata chembe ya muda. Programu iliyoandikwa vibaya hailali. Inakaa inauliza: amebonyeza? amebonyeza? amebonyeza? Mara maelfu kwa sekunde. Waandishi wengi wa michezo walizoea kusoma kitufe cha mausi moja kwa moja kwenye anwani ya chipu, $BFE001, ndani ya mzunguko usioisha, kwa sababu mchezo ulikuwa peke yake kwenye mashine na hakuna wa kumkwaza. Tabia hiyo ikihamia kwenye programu inayokaa na wenzake, ndipo balaa linapoanza.

Na hapa ndipo fumbo la mshale linapofumbuka. Mshale wa mausi unahudumiwa na kazi ya mfumo iitwayo input.device, na kipaumbele chake ni 20. Kwa hiyo hata kama huku chini programu zinanyang'anyana muda, mshale utatembea laini tu. Kumbe mshale unaotembea ulikuwa unaniambia waziwazi: mfumo mzima uko hai, tatizo liko kwa programu fulani huku chini. Mimi nikausoma kinyume.

Amri tatu za kuanzia

Kabla ya kutafuta programu maalumu, mfumo wenyewe unakuja na vitu vidogo kwenye diski ya Workbench. Unafungua dirisha la Shell, lile la kuandika amri. (Kibodi ya mzee ilikuwa ya Kijerumani, Z na Y zimebadilishana nafasi. Nilikosea mara nyingi mpaka mjukuu wake akacheka.)

Andika Status. Utaona orodha ya kazi zilizoanzishwa kwa amri, kila moja na namba yake, na ni programu gani inaendeshwa ndani yake. Ukiandika Status full utaona na kipaumbele pamoja na ukubwa wa staki, ile sehemu ya kumbukumbu ambayo programu hutumia kuweka mahesabu yake ya muda. Kawaida ni baiti 4000. Programu ikizidisha hapo inaanza kuandika juu ya kumbukumbu ya jirani, na kwenye Amiga hakuna ukuta kati ya jirani na jirani. Hilo tutalirudia.

Andika Avail. Inakuonyesha kumbukumbu: iliyobaki, inayotumika, jumla, na safu ya mwisho iitwayo Largest, yaani kipande kimoja kikubwa zaidi kilichobaki bila kukatika. Watu wengi wanasoma safu ya kwanza na kuacha ya mwisho. Ya mwisho ndiyo yenye habari, subiri kidogo utaona.

Ya tatu ni ChangeTaskPri, ya kubadilisha kipaumbele. Ukiandika ChangeTaskPri -5 Process 2, kazi namba 2 inashuka chini ya wenzake wote wa kawaida. Itapata muda pale tu ambapo wengine hawautaki. Ipo pia Break, mfano Break 2 C, inayoipelekea kazi namba 2 ishara ileile ya Ctrl-C, kuiomba iache. Nasema kuiomba. Programu isiyosikiliza ishara hiyo haitasikia, hata uombe mara mia.

Sasa kasoro kubwa. Status inaona zile tu zilizoanzishwa kwa amri. Programu iliyofunguliwa kwa kubonyeza picha yake kwenye Workbench haina namba hapo, haionekani kabisa. Na watu wa nyumbani, kama yule mama, walibonyeza picha. Kwa hiyo unaweza kuandika Status ukaona kila kitu kiko shwari, huku mlaji anakula.

Usiku wa pili

Kwenye boksi la mzee kulikuwa na diski kadhaa za mkusanyiko wa Fred Fish. Huyu alikuwa Mmarekani aliyekusanya programu za Amiga zilizoruhusiwa kugawiwa bure, akazipanga kwenye diski zenye namba, na mwishowe zikapita 1000. Kabla ya intaneti majumbani, diski hizo ndizo zilizosambaza elimu: unanakili yako, unampa mwenzako. Katika mojawapo tulikuta Xoper, programu ya kufuatilia mfumo. Nyingine ya aina hiyo iliyojulikana sana ni ARTM, na maana ya jina lake ni mfuatiliaji wa Amiga wa papo kwa papo. Zinafanya kazi inayofanana: zinaingia kwenye orodha za Exec zenyewe na kukuonyesha kila kazi iliyopo, ya amri na ya picha, ya mtu na ya mfumo, pamoja na hali yake na kipaumbele chake.

Safari hii nilianza na kitu ambacho ningependa ukishike: tuliiwasha Xoper kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, wakati mashine bado haina shida. Amiga ya nyumbani yenye mdomo mmoja wa diski ikishazidiwa, kuingiza programu mpya ni mateso. Inakuomba diski ya Workbench, halafu ile nyingine, halafu Workbench tena. Ni kama kwenda kununua ndoo nyumba ikiwa tayari inaungua.

Tukaangalia orodha mashine ikiwa tulivu. Input.device inasubiri. Trackdisk.device, inayoendesha mota na kichwa cha diski, inasubiri. Workbench inasubiri. Moja tu ndiyo inayoendeshwa, na mzee akainyooshea kidole: "Hii hapa, ndiyo inayokula!" Nikasoma jina. Ilikuwa Xoper yenyewe.

Hili nalo ni somo. Programu ya kuchungulia inapoangalia ni nani anaendeshwa sasa hivi, lazima ijikute yenyewe, maana ili iweze kuangalia ni lazima iwe na zamu. Kwa hiyo usimtafute mlaji kwenye mstari wa "anayeendeshwa". Mtafute kwenye walio tayari. Angalia mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya kumi. Jina ambalo kila ukiangalia liko tayari, halijawahi kukutwa linasubiri, ndilo hilo.

Tukafungua programu ya kuandikia. Ikaonekana kwenye orodha, inasubiri. Vizuri. Mzee akafungua saa. Alikuwa na saa ndogo ya kuchorwa, mkewe aliipenda, ilikaa pembeni ya skrini kila siku. Nikaangalia orodha: saa iko tayari. Nikaangalia tena: tayari. Tena: tayari. Sasa saa inahitaji nini cha kufanya zaidi ya mara moja kwa sekunde? Hakuna. Lakini aliyeiandika hakuiambia ilale. Aliiambia iulize wakati bila kupumzika. Ilikuwa inakula nusu ya mashine kwa ajili ya kusogeza mshale mmoja mwembamba.

Ile ndiyo iliyokuwepo usiku wa kwanza. Saa na programu ya kuandikia zina kipaumbele sawa, wanapokezana. Kila herufi iliyobonyezwa ilisubiri saa imalize zamu yake. Ongeza hapo kuhifadhi faili, na kichwa cha diski kinachoruka kutoka sehemu hii kwenda ile kila mashine inapohitaji kusoma kitu kingine kwenye diski hiyohiyo, na unapata uzito ule. Hakuna kilichoganda. Kazi ilikuwa inaendelea, polepole, na ingekwisha. Ningesubiri tu.

Nilitaka kuiondoa saa. Xoper inaweza. Mzee akasema hapana, iache. Basi tukaishusha kipaumbele hadi -5. Dah! Herufi zikaanza kutokea palepale zinapobonyezwa. Na saa ikaendelea kwenda kama kawaida, kwa sababu hata ile iliyobaki baada ya wenzake kushiba iliitosha na kuzidi.

Baadaye kidogo programu ya kuandikia ikanyamaza kabisa. Hata menyu hakuna. Mkono wangu ukaenda kwenye Ctrl, wallahi, mazoea ni kitu kibaya. Nikaurudisha. Nikaangalia Xoper: programu inasubiri. Sasa fikiria na mimi. Kama ingekuwa imeshikwa kwenye mzunguko, ingekuwa tayari muda wote. Inasubiri, maana yake kuna kitu inakitegemea ambacho hakijaja. Kitu gani? Programu ile ilijifungulia skrini yake yenyewe, na Amiga inaweza kuwa na skrini kadhaa zilizofunikana. Tukabonyeza kitufe cha Amiga cha kushoto pamoja na N, kuleta skrini ya Workbench mbele, na hapo kulikuwa na kisanduku kidogo kinaomba diski fulani iingizwe. Kilikuwa kinaomba kwa upole muda wote, nyuma ya pazia. Tukaiingiza, kila kitu kikaendelea.

Mashine mbili zinazoonekana zimekufa kwa namna ileile, na sababu zake ziko mbalimbali kabisa: moja ana shughuli asizozihitaji, mwingine anasubiri asichopewa. Kwa macho ya nje huwezi kuzitofautisha.

Kabla hujaua

Naomba hapa tukae kidogo, maana vijana tunapenda kitufe cha kuua. Kwenye simu yako au kompyuta ya leo, ukiifunga programu kwa nguvu mfumo unakusanya kila ilichoshika: kumbukumbu, mafaili, madirisha. Unasafisha kama msiba umeisha na viti vinarudishwa.

Amiga haifanyi hivyo. Exec haiweki daftari la nani kachukua nini. Programu inapaswa kurudisha yenyewe ilichokopa kabla ya kuondoka. Ukiiondoa kwa nguvu, dirisha lake linabaki kwenye skrini bila mwenyewe. Faili lililokuwa wazi linabaki limefungwa kwa wengine. Kumbukumbu iliyochukua haitarudi mpaka uwashe upya. Na mbaya zaidi, kama kazi nyingine inakuja kumletea ujumbe marehemu, inaandika kwenye mahali ambapo sasa huenda ni pa mtu mwingine. Hakuna ukuta, nilikuambia. Programu yoyote inaweza kuandika popote, hata juu ya kiini cha mfumo.

Mwisho wa hapo ni skrini nyeusi yenye fremu nyekundu inayowaka na kuzima, na maneno Guru Meditation pamoja na namba mbili ndefu. Namba ya kwanza ikiishia na 3, kwa mfano, prosesa iliambiwa isome neno kwenye anwani isiyo shufwa, jambo ambalo 68000 haiwezi. Ikiishia na 4, ilikutana na agizo isilolijua. Kwa vyovyote vile, barua ambayo hujahifadhi imekwenda.

Kwa hiyo utaratibu tuliojiwekea na mzee ulikuwa huu. Kwanza tunaangalia taa ya diski. Ikiwa inawaka hatugusi chochote. Pili tunaangalia orodha, nani yuko tayari na nani anasubiri. Tukimpata mlaji, tunamshusha kipaumbele. Kisha tunahifadhi kazi yetu. Halafu ndipo tunamwomba aondoke kwa njia yake ya kawaida, kwa menyu au kwa Break kama alianzishwa kwa amri. Kuua tulikuacha mwisho kabisa, na baada ya kuua unahifadhi kilichobaki na kuwasha upya mashine, huendelei kufanya kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa kweli hatukufika huko hata siku moja.

Kumbukumbu iliyopo ambayo haipo

Kikwazo cha mwisho kilikuja tulipotaka kufungua barua yenyewe baada ya kuzungukazunguka kwenye barua nyingine kama saa moja hivi. Programu ikasema kumbukumbu haitoshi. Mzee akashangaa, kwani mashine yake ilikuwa imeongezewa, ina kilobaiti 512 nyingine kwenye kile kifuniko cha chini.

Tukaandika Avail. Kumbukumbu iliyobaki ilikuwa zaidi ya baiti 200,000. Barua haifiki hata 20,000. Lakini safu ya mwisho, Largest, ilionyesha kipande kidogo sana kwenye aina iitwayo chip, ambayo ndiyo picha, sauti na diski zinaihitaji. Umeelewa? Ni kama una viti mia kanisani lakini vyote viko kimojakimoja katikati ya watu, na imekuja familia ya watu kumi inayotaka kukaa pamoja. Programu zinafunguliwa, zinafungwa, kila moja inaacha mwanya wake, na baada ya saa moja nafasi ni nyingi lakini zimekatikakatika.

Tahadhari moja kabla hujamlaumu mtu. Ukifunga programu ukaona kumbukumbu haijarudi yote, si lazima iwe imeibwa. Amiga huziacha maktaba za programu zilizokwisha kufunguliwa zikae kwenye kumbukumbu, endapo mtu atazihitaji tena, na huziondoa pale tu nafasi inapokosekana. Matoleo ya baadaye yaliongeza Avail Flush ya kuzifagia kwa hiari. Toleo la mzee, 1.3, halikuwa nayo. Dawa yetu ilikuwa rahisi: hifadhi, funga vyote, angalia taa ya diski imezimika, washa upya, fungua programu ya kuandikia peke yake bila kitu kingine.

Mzee alisema hata saa tuiache, safari hii tu.

Barua ikafunguka. Ilikuwa kama kurasa mbili, maandishi meupe kwenye rangi ya buluu. Nikampisha kiti nikapanda juu kusaidia kuosha vyombo. Alipopanda, usiku ulishakuwa mwingi, aliniomba simu yangu tukapige picha skrini, ukurasa kwa ukurasa, amtumie binti yake.

Ukitaka kujaribu mwenyewe

Huhitaji kusafiri wala kununua mashine ya zamani. Zipo emuleta, yaani programu zinazoigiza Amiga ndani ya kompyuta ya kawaida: WinUAE kwa Windows, na FS-UAE inayokwenda pia kwenye Linux na Mac. Kompyuta ya kawaida ya darasani inatosha. Jambo moja la haki: chipu ya Kickstart, ambayo emuleta inaihitaji, bado ina wenyewe. Usiipakue kwa njia za panya. Kampuni ya Cloanto inaiuza kihalali katika kifurushi cha Amiga Forever, na FS-UAE inakuja na mbadala wa bure kutoka mradi wa AROS, ingawa si programu zote za zamani zinaupenda.

Ukishaiwasha, fanya hivi. Kabla ya kufungua chochote andika Avail na unakili namba kwenye daftari, kwa kalamu, hasa ile ya mwisho. Fungua programu tatu, zifunge, andika Avail tena, linganisha. Kisha fungua Xoper au ARTM, usiguse kitu, na kwa dakika tano tazama tu ni majina gani yanasubiri na lipi halisubiri kamwe. Soma na maelezo yanayokuja na programu hizo kabla ya kubonyeza, maana kila moja ina amri zake, na amri ya kushusha kipaumbele na ile ya kuua huwa hazikai mbali sana.